Namna ya Kusafisha Kioo cha Jicho cha Kamera Kilichofunga Ukungu Bila Kukiharibu

Swali la ukungu kwenye vyufainda, yaani lile tundu la kamera unalochungulia, limenijia mara nyingi mno, na karibu kila mara lina mfuatano uleule. Mwenye kamera anachungulia, anaona picha imefifia. Anafuta kwa pindo la shati, inapendeza kidogo. Siku ya pili ukungu uko palepale, naye anafuta kwa nguvu zaidi. Anapofika kwa fundi, kioo kimejaa mikwaruzo myembamba ambayo mwanzo haikuwapo.

Hawa hawashindwi kwa kukosa dawa kali. Wanashindwa kwa sababu wanafuta kabla ya kujua ukungu umekaa wapi. Unaweza kuwa juu ya kioo, unaweza kuwa nyuma yake, ndani ya kamera, au kioo chenyewe kimeharibika uso. Wa kwanza unausafisha mwenyewe mezani. Wa pili ni kazi ya fundi. Wa tatu haufutiki, na kila ukifuta unauzidisha.

Kwa hiyo katika mwongozo huu nusu ya kazi ni kupima, na nusu ni kufuta. Ninaposema kioo cha jicho, ni kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera unachosogezea jicho. Ile raba nyeusi inayokizunguka nitaiita raba ya jicho.

## Vifaa vya kuandaa

Kusanya vyote kabla ya kugusa kamera. Mtu akiishiwa vijiti katikati ya kazi ndipo anaporudi kwenye pindo la shati.

- Pampu ya mpira ya kupulizia vumbi. Ukiikosa, nunua pampu mpya ya kunyonyea mafua ya mtoto kwenye duka la dawa. Ibonyeze hewani mara kadhaa kwanza, kwa sababu nyingine huja na unga ndani.
- Brashi laini, mpya. Brashi ya vipodozi inafaa iwapo haijawahi kugusa poda wala ngozi.
- Vijiti vya pamba vya masikio, vyenye pamba iliyokazwa isiyotoa nyuzi. Weka vingi, maana kila kijiti kitatumika mara moja tu.
- Vitambaa viwili vya maikrofaiba kama vile vya miwani, vilivyofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo huacha mafuta kwenye kitambaa, na mafuta hayo yatahamia kwenye kioo.
- Maji yasiyo na madini. Rahisi kupata ni maji ya kuchanganyia dawa za sindano, yale ya kichupa kidogo cha plastiki cha mililita 10. Hakikisha si maji ya chumvi ya dripu, maana yakikauka yanaacha chumvi juu ya kioo.
- Dawa ya kusafishia lenzi za kamera au miwani, isiyo na amonia.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja tu.
- Kijiti cha meno cha mbao, tochi, na taulo jeupe la kutandika mezani.

Kuhusu maji, naomba usome hapa mara mbili. Watu wengi huambiwa watumie maji ya betri. Kwenye maduka ya vipuri, jina hilo huitiwa maji yaliyotolewa madini, lakini wapo pia wanaoita hivyo tindikali ya kujazia betri mpya ya gari. Chupa zinaweza kufanana. Tindikali itaharibu kioo, mikono yako na macho yako. Maji ya sindano ni ya bei ndogo na hayana utata huo.

## Vitu visivyotakiwa mezani

Maji ya bomba na ya kisima, hasa kisima cha pwani: yakikauka yanaacha madoa ya chumvi ambayo utayadhania ni ukungu uleule.

Dawa ya kusafishia madirisha: nyingi zina amonia, na amonia inakula ule utando mwembamba wa kuzuia mng'ao uliopakwa juu ya kioo.

Spiriti ya hospitali na kitakasa mikono: baadhi ya spiriti za kupaka ngozi zimetiwa mafuta, na vitakasa mikono vingi vina gliserini ili ngozi isikauke. Vyote vinaacha utando. Unafuta ukungu mmoja na kupaka mwingine.

Kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni, tina na petroli: vioo vingi vya jicho ni vya plastiki, na asetoni huyeyusha plastiki. Dakika moja inatosha kukipoteza kioo.

Dawa ya meno: wapo wanaoisugua ili kuondoa mikwaruzo. Ina chembe za kusugulia, na kwenye kioo chenye utando haitengenezi kitu. Inaondoa utando wote na kuacha uso uliofifia.

Hewa ya kompresa ya gereji na ya makopo: ile ya gereji hubeba maji na mafuta ya mashine. Ya kopo hutoa majimaji ya baridi kali ukiliinamisha. Na pumzi ya mdomo hutoa mate.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni ukungu kweli

Hatua hii haihitaji kufuta chochote, na inawaokoa wengi.

Pima diopta. Pembeni ya vyufainda kuna gurudumu dogo, mara nyingi lenye alama ya kuongeza na kupunguza. Linarekebisha ukali wa kioo cha jicho ulingane na macho yako. Likiguswa na mkoba, au kamera ikitumiwa na mtu mwingine, kila kitu huonekana kimefifia, nawe utadhani ni uchafu.

Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe. Usitazame ukuta, tazama namba na vialama vya kulengea vinavyoonekana ndani. Zungusha gurudumu taratibu hadi vikae vikali kabisa. Vikikaa vikali na weupe ukaondoka, kazi imekwisha, rudisha vifaa kabatini. Kulenga kwa lenzi hakubadilishi kitu hapa, ndiyo maana picha zako zinatoka safi ilhali wewe unaona ukungu.

Pima mvuke. Kamera iliyokaa kwenye gari lenye kiyoyozi, kisha ikatolewa nje Mombasa au Dar es Salaam saa nane mchana, hushika mvuke papo hapo. Hali ni hiyohiyo kwa kamera iliyotoka kwenye baridi ya mlimani ikaingizwa chumba chenye joto. Mvuke huu usiufute. Iache kamera kwenye mkoba uliofungwa ili ipate joto polepole, nusu saa au zaidi. Ukungu ukiondoka wenyewe, haukuwa uchafu.

Kama kamera yako ni mirolesi, yaani unachungulia skrini ndogo ya umeme na si picha inayopita kwenye kioo, fungua menyu na uitazame ndani ya vyufainda. Doa la njano au jeusi linalokaa mahali pamoja, lenye ukingo unaoonekana wazi, huenda ni skrini iliyoungua kwa jua. Kioo cha jicho hukusanya miale kama kioo cha kukuzia, na kamera ikilazwa dirishani au kwenye dashibodi nyuma ikielekea jua, miale hiyo huchoma skrini. Hilo halifutiki. Dawa ni kubadilisha skrini.

Utajuaje kuwa umemaliza hapa? Diopta iko sawa, mvuke haupo, na bado unaona weupe umesambaa au mwanga unatawanyika. Sasa endelea.

## Hatua ya 2: Zima kamera na uandae mahali

Zima, toa betri, acha lenzi mahali pake na kifuniko chake juu. Lenzi ikitolewa, vumbi linapata mlango wa pili wa kuingilia bila faida yoyote kwako.

Zima feni. Funga dirisha la upande wa upepo. Tandika taulo jeupe ili skrubu au kipande kidogo kikianguka ukione.

Nawa mikono kwa sabuni, hasa kama umejipaka losheni, mafuta ya kujikinga na jua au dawa ya mbu. Dawa za mbu zenye DEET hula plastiki na raba. Kwa wapiga picha wa mbugani hii ni sababu kubwa ya vioo vya jicho kuharibika: mtu anajipaka usoni, anasogeza kamera, na dawa inabaki pale siku nzima juani.

## Hatua ya 3: Toa raba ya jicho

Uchafu mwingi zaidi umejificha chini ya raba. Ukifuta katikati tu na kuiacha, jasho na mafuta yaliyo pembeni yatarudi kwenye kioo ukisogeza jicho. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya ukungu kurudi siku ya pili.

Kwenye Canon zinazotumia raba ya Ef au Eb, bana pande zote mbili kwa vidole na uisukume juu. Kwenye Nikon zinazotumia DK-20, DK-21 au DK-25, ingiza ncha za vidole chini ya mabawa ya pembeni na uitelezeshe.

Nikon kubwa zenye tundu la duara, kama D810 na D850, zina kioo cha aina ya DK-17 kinachofunguka kwa kuzungusha. Ufunguo wake ni ule mlango mdogo wa ndani: lazima uufunge kwanza kwa kijiwiko chake ndipo kioo kiachie. Ukilazimisha bila kuufunga utavunja kifungio. Wenye kamera hizi wana bahati, kwa sababu kioo kikitoka wanaweza kusafisha pande zake zote mbili.

Kwenye mirolesi njia ni tofauti kwa kila kamera, na kuna nyingine ambazo raba haikukusudiwa kutolewa na mtumiaji. Tazama kijitabu cha kamera yako. Raba isipotoka kwa nguvu ya vidole, iache na ufanye kazi ikiwa mahali pake. Bisibisi isitumike.

Dalili ya mafanikio: kioo kiko wazi mpaka ukingoni, na unaona mstari wa uchafu pale raba ilipokuwa imekaa.

## Hatua ya 4: Mulika kwa tochi ya pembeni

Ukimulika kwa mbele, mng'ao unaficha kila kitu. Shika tochi karibu ilale sambamba na kioo, mwanga upite juu ya uso wake kutoka pembeni. Geuza kamera kidogo kidogo huku ukitazama.

Alama za vidole na mafuta hung'aa kwa rangi za upinde wa mvua. Vumbi huonekana kama nukta. Mikwaruzo ni mistari inayowaka ukiigeuza na kuzimika ukiigeuza tena. Utando uliobanduka huonekana kama viraka vya ramani, vyenye rangi tofauti na sehemu nyingine. Kuvu ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika, na kwa kawaida ziko chini ya uso.

Piga picha kwa simu sasa. Mwishoni utahitaji kulinganisha, na kumbukumbu ya macho hudanganya katika jambo hili.

## Hatua ya 5: Puliza, kisha piga brashi

Elekeza kioo chini, ili kinachobanduka kianguke mezani. Puliza kwa pampu kutoka pembeni, siyo moja kwa moja katikati, kwa sababu vyufainda nyingi hazikuzibwa kikamilifu na vumbi linaweza kusukumwa ndani.

Fuata kwa brashi, mapigo mepesi kutoka katikati kwenda nje. Puliza tena.

Usiruke hatua hii hata kama unaona kioo hakina vumbi. Mchanga wetu umejaa chembe ngumu kuliko utando wa kioo, na kwenye plastiki zinakata hata zaidi. Ukifuta chembe moja ikiwa imebaki, umeikokota kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ndiyo mikwaruzo ya shati inavyopatikana: kitambaa ni laini, mchanga uliomo siyo.

## Hatua ya 6: Kijiti cha kwanza chenye maji ndicho kipimo

Hapa ndipo utakapojua ukungu umekaa wapi. Fanya polepole.

Dondosha maji ya sindano kwenye kijiti cha pamba, usiyadondoshe kwenye kioo. Kisha gusisha pamba kwenye kitambaa ili maji ya ziada yanyonywe. Kijiti kiwe na unyevu, kisitone. Tone moja likiteleza ukingoni linaweza kuingia ndani na kuacha doa ambalo hutalifikia tena.

Shika kamera kioo kikitazama pembeni au chini kidogo. Weka kijiti katikati na ukiviringishe kuelekea ukingoni, usikisugue. Kuviringisha kunainua uchafu, kusugua kunaukokota. Mzunguko mmoja kuanzia katikati hadi nje, kisha kitupe.

Kabla maji hayajakauka, mulika tochi pembeni uangalie. Kisha subiri yakauke, uangalie tena. Kuna majibu matatu.

Kijiti kimetoka na rangi ya kijivu au njano, na kioo kimeng'aa zaidi hata baada ya kukauka. Ni uchafu wa juu. Endelea na hatua ya 7 kwa moyo mkunjufu.

Kioo kimeng'aa kikiwa na maji, kisha kilipokauka ukungu umerudi kwa umbo lilelile. Huu siyo uchafu. Uso wa kioo una mikwaruzo midogo sana, nyufa za plastiki au utando uliochakaa. Maji yanajaza mabonde hayo na kuyaficha kwa muda, yakikauka yanaonekana tena. Acha kufuta leo. Kila kijiti kitakachofuata kitapunguza utando uliobaki.

Hakuna kilichobadilika, si kikiwa na maji wala kikiwa kikavu. Ukungu uko nyuma ya kioo. Maji ya juu hayawezi kuugusa, na nguvu za mkono pia haziwezi. Ruka hadi sehemu ya ukungu wa ndani.

Waliokwama kwa miezi, mara nyingi walikuwa kwenye jibu la pili au la tatu huku wakifanya kazi ya jibu la kwanza.

## Hatua ya 7: Ondoa mafuta

Maji peke yake hayayeyushi mafuta ya ngozi, poda ya harusi wala mafuta ya nywele. Anza na kilicho laini.

Tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye nusu glasi ya maji yaleyale ya sindano (utahitaji vichupa kadhaa). Lowanisha kijiti kipya, kikamue, viringisha kutoka katikati kwenda nje. Kijiti kinachofuata kiwe cha maji matupu, kuondoa sabuni. Cha tatu kiwe kikavu. Rudia mfuatano huo hadi kijiti cha maji kitoke cheupe.

Mafuta yakibaki, tumia dawa ya lenzi au ya miwani, kwa utaratibu uleule: kwenye kijiti, siyo kwenye kioo.

Wengi huuliza kuhusu alkoholi ya aisopropili. Kwenye kioo halisi chenye utando mzima inafanya kazi nzuri. Lakini vioo vya jicho vya akriliki, ambayo ni aina ya plastiki, vinaweza kupasuka nyufa ndogo vikiguswa na alkoholi kali, na kwa macho tu hutajua chako ni cha nini. Mimi siitumii kwenye kioo cha jicho ambacho sina uhakika nacho, nami sioni kazi iliyoshindikana kwa sabuni na subira ikafanikiwa kwa alkoholi.

## Hatua ya 8: Pembe na sensa ya jicho

Tundu nyingi ni za mstatili, na pamba ya duara haifiki kwenye pembe. Chukua ncha ndogo ya kitambaa cha maikrofaiba, ifunike juu ya kijiti cha meno, ilowanishe kidogo, upitishe pembeni kwa uzito wa kidole tu. Mbao isiguse kioo. Ukiona ncha imechomoza, badilisha kitambaa.

Kwenye mirolesi, juu au chini ya kioo cha jicho kuna kidirisha cheusi chembamba. Hiyo ni sensa inayojua kuwa umesogeza uso, ndipo picha ihamie kwenye vyufainda. Ikishika mafuta, picha hukwama kwenye skrini ya nyuma au huhamahama ovyo. Ipitishie kijiti chenye unyevu, kisha kikavu. Kamera kadhaa nimeona zikipelekwa kwa fundi kwa ajili ya hili tu.

## Hatua ya 9: Osha raba na urudishe

Raba ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikasuguliwe kwa kidole kwenye mifereji ya ndani. Isuuze, ianike kivulini. Isirudishwe ikiwa na unyevu hata kidogo, maana maji yaliyonaswa kati ya raba na kioo yatageuka mvuke kamera ikipata joto.

Usiipake mafuta ya mgando ili ing'ae. Yanailegeza, na yatakutana na kioo kesho.

Raba iliyochanika ibadilishwe. Kwa wanaovaa miwani hili ni la lazima, kwa kuwa chuma cha fremu kikigusa kioo cha jicho kila siku hakuna usafi utakaosaidia.

## Hatua ya 10: Hakiki

Rudisha betri, washa. Namba za chini ziwe kali kutoka kona hadi kona. Elekeza kwenye taa ya ukutani: mwanga ukae na umbo lake, usitawanyike kama kuna pazia jeupe mbele yake. Zima, mulika tochi pembeni: uso uwe na rangi moja iliyotulia, ya kijani au zambarau, bila michirizi. Linganisha na picha uliyopiga kwenye hatua ya 4.

Michirizi myepesi iliyobaki ni sabuni au dawa. Kijiti kimoja cha maji na kimoja kikavu vinaiondoa.

## Ukungu ukiwa ndani

Kwenye DSLR, yaani kamera ambayo picha hufika jichoni kupitia kioo cha ndani, tofautisha kwanza ukungu na nukta. Nukta nyeusi unazoziona kali na zenye umbo ziko juu ya skrini ya kulengea, ile plastiki ya kukwaruzika upesi iliyo juu ya kioo kinachoinuka ndani ya kamera. Vumbi lililo kwenye kioo cha jicho halionekani kali hivyo. Nukta hizo haziingii kwenye picha. Unaweza kutoa lenzi, kuelekeza mdomo wa kamera chini na kupuliza kwa pampu. Basi. Usiguse skrini hiyo wala kioo cha ndani kwa pamba, kitambaa au brashi. Kioo cha ndani kimepakwa utando wa kung'aa upande wa mbele, na kidole kimoja kinaweza kuacha alama ya kudumu.

Matone ya maji yakionekana nyuma ya kioo cha jicho, toa betri, weka kamera kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, uiache siku moja au mbili. Mchele mkavu hutoa vumbi, usiutumie. Usitumie kikausha nywele, na usiianike juani.

Nyuzi za kuvu ni habari nyingine. Kuvu hutoa tindikali inayochimba utando wa kioo, kwa hiyo kila mwezi unaoahirisha unaongeza alama zisizofutika. Ipeleke mapema, na kwa sasa iweke mbali na lenzi zako nyingine.

Kwa wenye kamera za zamani za filamu: madoa ya kahawia au meusi yanayofanana na kutu mara nyingi ni fedha iliyobanduka kwenye prizimu, kile kioo kinene cha juu kinachopeleka picha kwenye jicho. Olympus OM-1 inajulikana kwa hili. Sponji iliyowekwa karibu na prizimu huoza na kuila fedha hiyo. Hakuna kufuta hapo, prizimu inabadilishwa.

Usifungue sehemu ya juu ya kamera yenye flashi ya ndani. Kapasita ya flashi, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wake, inaweza kubaki na umeme wa takriban volti 300 hata betri ikiwa nje, na wanaojua kuutoa salama ni mafundi.

## Unapoipeleka kwa fundi

Mpe matokeo ya hatua ya 6 kwa maneno haya: ukungu unaondoka ukiwa na maji na kurudi ukikauka, au haubadiliki kabisa. Hapo anajua kama abadilishe kioo cha nje au afungue ndani, na wewe hulipii kazi isiyohitajika.

Muulize kama kioo cha jicho cha kamera yako kinauzwa peke yake au pamoja na sehemu nzima ya vyufainda, kwa sababu bei hutofautiana sana. Taka arudishe kipande cha zamani. Kabla ya kuondoka dukani, pima diopta na umulike tochi mbele yake.

## Kuweka kamera isirudi ilipokuwa

Pwani na kando ya ziwa, kabati na mkoba wa ngozi ni makao ya kuvu. Tumia kopo la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, vipakiti vya silika, na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 60 kwa muda mrefu, kuvu wanapata nafasi.

Silika ya rangi ya chungwa inapobadilika rangi imeshiba maji. Ikaushe kwenye ovena kwa nyuzi joto 120 hivi hadi rangi irudi. Ile ya buluu ina chumvi ya kobalti yenye sumu, hiyo isiingie kwenye ovena ya chakula.

Baada ya kazi ndefu ya harusi au mbugani, puliza kwa pampu na upitishe kijiti kimoja chenye unyevu kabla jasho halijakauka. Ukiweka kamera mezani au kwenye gari, iweke lenzi na kioo cha jicho vyote vikiwa mbali na jua, na dawa ya mbu ikae kwenye mfuko tofauti na kamera.